Maisha ya Mzee Albano Nandonde, Fundi wa Jumba la Betisururi

Ndugu waombolezaji, baba zetu na mama zetu, majirani wa Kiwalani na mafundi wa Keko, familia imenituma mimi Yuliana, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yetu, Mzee Albano Kasimiri Nandonde, na kabla sijaanza naomba radhi kwa urefu wake, kwa sababu marehemu mwenyewe, siku tisa kabla ya kufariki, aliniweka karibu na kitanda chake na karatasi na kalamu, akanitajia tarehe moja moja, akanikataza kuandika kwamba alikuwa mtu mwema. Alisema, "Hayo watasema wao wakipenda. Wewe soma nilichofanya." Wapo waliotushauri juzi kwamba habari za jumba la Mwambani tuziache, kwa kuwa zitawaumiza watu waliopo hapa, na wapo waliotushauri kinyume chake, kwamba tuzisome kwa kumsifu, kwamba alikuwa mwananchi wa mfano aliyesimama na taifa lake, na familia imekaa, imesikiliza pande zote mbili, na imeamua kusoma kama alivyotaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1924 katika kijiji cha Chikundi, wilayani Masasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Kasimiri Nandonde, mkulima wa mihogo na mchongaji, na bibi yetu Adelina, ambaye alifariki mwaka 1931 wakati marehemu ana miaka saba, hivyo akalelewa na dada yake na kwa sehemu kubwa akajilea mwenyewe. Alianza shule ya misheni mwaka 1934 akasoma hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1938, kisha akapelekwa kwenye karakana ya useremala ya misheni, akawekwa chini ya Fundi Kornelio, mtu asiyepiga wala kutukana, ambaye alikuwa akipitisha kidole juu ya ubao wako na kukurudishia bila neno, ukaurande tena, na hapo marehemu alikaa miaka mitano, akatoka anajua kufunga bawaba, kuunga mbao bila msumari, na kuchonga nakshi ambayo mtu akiitazama anadhani imeota.

Tarehe 2 Juni 1946 alipanda meli Lindi, akashuka Dar es Salaam na sanduku moja lenye randa, patasi sita na nyundo, akapokelewa Keko na watu wa kwao, akapata kazi kwenye karakana ya samani, akalala kwenye karakana hiyo hiyo kwa mwaka mzima. Tarehe 8 Januari 1950, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, alifunga ndoa na Sesilia binti Benedikto, mzaliwa wa Nachingwea, ambaye ni mama yetu, yupo hapa, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Benedikto aliyezaliwa mwaka 1951, mimi Yuliana mwaka 1954, Kasimiri mwaka 1958, na Adelina mwaka 1963.

Sasa tunaingia kwenye habari za jumba. Mwezi Septemba mwaka 1953 alikuja Keko Bwana Abdulsamad bin Jaffar, mfanyabiashara wa mbata na nguo, mwenye duka Buguruni, mtu wa asili ya Kiarabu ambaye yeye na baba yake walizaliwa hapa hapa pwani, akasimama mbele ya kabati alilokuwa akilimalizia marehemu, akafungua mlango wake na kuufunga mara tatu huku ameinamisha sikio, akauliza nani amefunga bawaba hizi, na alipoonyeshwa akasema, "Njoo nami Mwambani, kuna kazi ya miaka mitatu." Mwambani wakati ule ilikuwa imeanza kuwa mji wa mapumziko, ng'ambo ya Kigamboni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwenye pantoni, ambako Wazungu walikuja siku za Jumamosi kuogelea na matajiri wa mjini walianza kujitafutia viwanja, na Bwana Abdulsamad, aliyeanza maisha kwa kuuza vitambaa kwa baiskeli, alitaka ajenge nyumba ambayo hakuna atakayepita baharini asiulize ni ya nani.

Jumba lilianza kujengwa tarehe 5 Oktoba 1953, juu ya mwamba, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lina chini na juu, vyumba kumi na vinne, baraza lililozunguka pande tatu, ngazi pana ya mvule, na milango ishirini na miwili, yote ya nakshi, na yote ishirini na miwili ni kazi ya mkono wa marehemu, mlango mkubwa wa mbele peke yake ukimchukua miezi saba, na hata mwisho wa maisha yake alikuwa akikumbuka ubao wa kila mlango ulitoka mti gani na ulikauka muda gani. Lilikamilika tarehe 20 Agosti 1956, mwenyewe akaliita Bait al-Surur, yaani nyumba ya furaha, na watu wa Mwambani wakaliita Betisururi, na jina hilo ndilo lililobaki.

Siku kazi ilipokwisha marehemu alifunga sanduku lake arudi Keko, Bwana Abdulsamad akamzuia, akamwambia nyumba ya pwani inaliwa na chumvi kila siku na anayejua ugonjwa wake ni aliyeiunda, akampa vyumba viwili vya mawe nyuma ya jumba, vyenye bati, na mshahara wa mwezi, na hapo ndipo familia yetu ilipoishi miaka ishirini na mitatu. Hakuandikiwa karatasi yoyote, wala hakuomba.

Familia inapenda kusema wazi kwamba tuliishi vizuri na watu wale. Bi Hamdiya, mke wa Bwana Abdulsamad, ndiye aliyempokea Adelina wetu alipozaliwa, kwa kuwa mkunga alichelewa, na Bahiya, binti yao, aliyenizidi miaka minane, ndiye aliyenifundisha kushona na kusoma kitabu cha kwanza. Siku ya Idi sahani zilitoka kwao zikaja mpaka kwenye kizingiti chetu, siku ya Krismasi zikatoka kwetu zikaenda mpaka kwenye kizingiti chao cha nyuma, na hapo kizingitini ndipo ujirani ulipoishia. Ukumbi wa juu ulikuwa na viti vinane vya mninga ambavyo marehemu alivitengeneza mwaka 1957, akavikaza miguu, akavipaka vanishi kila mwaka, na katika miaka yote hiyo hakuna siku aliyoambiwa "karibu, Fundi, keti." Mama alikuwa akilisema jambo hili, baba alikuwa akimwambia anyamaze, lakini alipokuwa akinitajia tarehe zake hospitalini alinitajia na viti vile, idadi yake na mbao zake, na akataka viandikwe.

Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ilipopata uhuru, Bwana Abdulsamad alichinja ng'ombe wawili, akalisha Mwambani nzima, na marehemu alipanda juu ya dari kusimamisha mlingoti wa bendera, na aliposhuka mpaka ukumbi wa juu Bwana Abdulsamad alimkumbatia mbele ya watu akamwambia, "Leo sote wananchi, Fundi." Baba alituambia kwamba aliamini neno lile, na kwamba alikuwa bado analiamini alipokuwa akishuka kwa ngazi ya nyuma.

Mwaka uliofuata, tarehe 11 Aprili 1962, mvua za masika zikiwa kali, ndugu yetu Kasimiri, mwenye miaka minne, alishikwa na homa ya degedege. Mwambani haikuwa na zahanati wala mganga, gari la Bwana Abdulsamad lilikuwa limekwenda mjini na mwenyewe, Bi Hamdiya akatoa dawa aliyokuwa nayo na shali yake ya sufu, baba akamfunga mtoto mgongoni akapanda baiskeli kwenye matope mpaka Kigamboni, akakuta pantoni iko upande wa pili, akakaa akiingojea, na mtoto akafariki mgongoni mwake kabla haijafika. Jeneza alilitengeneza yeye mwenyewe, kwa mbao alizopewa na Bwana Abdulsamad, na mtoto alizikwa Mwambani.

Baada ya msiba huo baba alikuwa na wazo moja. Chini ya jumba, upande wa mashariki, kulikuwa na vyumba viwili visivyokaliwa na mtu, vyenye mlango wake wa kutokea nje, na baba aliona kwamba vyumba vile vingetosha kuwa zahanati, akae muuguzi, watoto wa Mwambani watibiwe pale pale. Mama ni shahidi kwamba alilipanga neno hilo, akalisema peke yake akiwa anaranda, amwambie Bwana Abdulsamad, lakini kila alipokutana naye uso kwa uso alizungumza habari za bawaba na chokaa. Alisubiri aitwe juu, aketi, ndipo aombe kama mtu anayeomba mbele ya mtu mwenzake, na kwa kuwa hakuitwa, hakuomba. Alikaa na neno hilo miaka tisa.

Mwezi Februari 1967 lilipotangazwa Azimio la Arusha marehemu alikuwa mwanachama wa TANU wa miaka mingi, akalisoma gazetini neno kwa neno, akamsomea mama, akamsomea na Mzee Marijani, mvuvi jirani yetu, ambaye hakujua kusoma, na mwaka 1968 watu wa Mwambani wakamchagua kuwa balozi wa nyumba kumi, kazi aliyoifanya kwa uaminifu, akipatanisha wagomvi, akiandikisha waliozaliwa na waliokufa. Wale waliosema jana kwamba baba alifuata mkumbo, familia inawajibu kwa heshima kwamba si kweli, baba aliamini, aliamini kwa moyo wote kwamba nchi hii inataka kufanya jambo ambalo halijawahi kufanywa, na kwamba jumba lile siku moja litafunguliwa kwa ajili ya watu.

Mwezi Aprili 1971 ikatoka sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha. Betisururi ilikuwa imesimama katikati, kwa kuwa chini waliishi wenyewe, na vyumba vya juu, ukiacha ukumbi, tangu mwaka 1957 walikuwa wakivipangisha kwa familia za mjini zilizokuja kupumzika, na mara sheria iliposomwa redioni wapangaji waliondolewa, wakaletwa ndugu kutoka Buguruni na vitanda vyao, wakawekwa juu. Tarehe 17 Mei, alasiri, Bi Hamdiya alikuja mpaka mlangoni kwetu, akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza tangu Adelina azaliwe, akaketi kwenye kigoda cha mama jikoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa nachambua mchele, nilisikia kila neno.

Bi Hamdiya alisema, "Fundi Albano, kesho wanakuja watu wa serikali. Wewe ndiye balozi, watakuuliza wewe. Sema tunakaa wenyewe."

Baba akasema, "Bi Hamdiya, mnakaa chini."

"Tunakaa. Basi sema tunakaa. Sikwambii useme uongo."

Kisha Bi Hamdiya akamuuliza mama hali ya mguu wake uliokuwa ukimuuma, akaondoka. Mama alimwambia baba, "Waachie nyumba yao, baba Benedikto. Watu wale wamezika mtoto wetu." Baba akamjibu, "Wangekuwa na zahanati wasingemzika." Mama akasema hilo si kosa lao, na baba akasema hajasema ni kosa lao.

Tarehe 18 Mei 1971, saa nne asubuhi, maofisa wawili walifika na jalada, wakaketi barazani, Bwana Abdulsamad akaketi mbele yao, na baba akasimama. Walimuuliza balozi kama mwenye nyumba anaikaa mwenyewe, naye akasema, "Chini wanakaa wenyewe. Juu wanapangisha, tangu mwaka hamsini na saba. Hawa mliowakuta juu wameletwa juzi." Kisha akasema ambalo hakuulizwa, kwamba watu wa Mwambani wanaomba vyumba viwili vya mashariki viwe zahanati, na ofisa mkubwa akatabasamu, akaandika, akasema, "Hilo limepita, mzee. Hili sasa ni jengo la wananchi." Bwana Abdulsamad alikuwa amemtazama baba muda wote huo, na maofisa walipokwenda kukagua juu alisema kwa sauti ya kawaida, "Umesema kweli, Fundi. Mungu akulipe kwa kweli yako." Marehemu alisema kwamba katika maisha yake alitukanwa mara nyingi na hakuna tusi lililomkaa kama dua ile.

Walipewa wiki mbili. Tarehe 1 Juni 1971 walihama na lori moja, wakaenda kwenye vyumba viwili nyuma ya duka lao la Buguruni, vitu vingi wakiviacha, hata viti vya juu, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa mali ya jengo. Bahiya, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati ule, alipita mbele ya nyumba yetu, mama akasema shikamoo yake amesahau leo, baba akamwambia mwache. Bwana Abdulsamad alifariki tarehe 22 Februari 1973. Baba alivaa kanzu aliyoazima kwa Mzee Marijani, akaenda Buguruni, akasimama upande wa pili wa barabara, na Bahiya akatoka, akavuka mpaka alipo, akamwambia, "Baba alisema usimzike." Baba akarudi.

Zahanati haikuja. Jumba lilipewa shirika moja la umma, ambalo familia haitalitaja, likafanywa nyumba ya mapumziko ya wakubwa wa shirika hilo, na kila mwisho wa juma magari yalikuja na bia na mbuzi na wageni, vyumba viwili vya mashariki vikawekwa kreti. Marehemu aliachwa kwenye kazi yake, kwa mshahara wa mlinzi, na alianza kuandika barua. Aliandika tarehe 3 Januari 1972, tarehe 14 Agosti mwaka huo huo, mwaka 1973 mara mbili, mwaka 1975 mara tatu, nakala zote ziko kwenye sanduku lake la patasi, zote zinaanza kwa "Ndugu" na zote zinataja vyumba viwili vya mashariki, na jibu alilopata ni moja, la tarehe 9 Oktoba 1975, kwamba suala lake linashughulikiwa. Watu wa Mwambani, ambao aliwaahidi kwenye mkutano kwa mdomo wake, walianza kumwita Bwana Zahanati, watoto nao wakaliokota jina hilo, na mwaka 1976 hawakumchagua tena kuwa balozi.

Chumvi haikuacha kula. Baba aliomba chokaa, aliomba bati, aliomba rangi, hakupewa, akawa anaziba kwa vipande alivyookota, mpaka mwezi Machi 1978 alipoletwa meneja mpya, na meneja huyo akatoa amri milango ing'olewe, ipelekwe kwenye nyumba mpya ya mkubwa mmoja mjini, kwa kuwa huku inaharibika bure. Baba alikataa. Wakaletwa vijana wawili wenye mtaimbo, wakaanza na mlango wa chumba cha Bi Hamdiya, wakaupasua fremu na ubao wa katikati, na baba aliyekuwa amekaa jikoni kwetu alisikia ule mlio, akasimama, akachukua bisibisi, akawaambia, "Tokeni. Nitaifungua mwenyewe."

Alifungua milango ishirini na mmoja kwa siku mbili, tarehe 15 na 16 Machi 1978, skrubu kwa skrubu, akaifunga magunia pembeni isikwaruzane, akasaidia kuipandisha kwenye lori. Siku hizo hakula. Alimwambia mama kwamba ameona bawaba zake hazijalegea hata moja.

Nyumba isiyo na milango haikai. Tarehe 30 Januari 1979 marehemu alipewa barua ya kuhama vyumba vya nyuma ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kumruhusu kukaa, na kwa kuwa vinahitajika kwa dereva, tukahamia hapa Kiwalani, kwenye nyumba hii aliyoijenga kwa udongo na kisha kwa tofali, akafungua kibanda chake Keko barabarani, akatengeneza vitanda, makabati na majeneza, na mafundi waliofanya kazi naye wanajua kwamba mtu akileta kazi ya nakshi alikuwa akimwelekeza kwa fundi mwingine. Betisururi ilifungwa mwaka 1981, na masika ya mwaka 1982 paa la upande wa bahari lilianguka, ngazi ya mvule ikakatwa kuni. Mwambani wanafunga mbuzi ukumbini.

Mwezi Julai 1980 marehemu alikwenda Buguruni kumtafuta Bahiya, ambaye alikuwa ameacha ualimu ili amuuguze mama yake na kuliendesha duka, akafika dukani, akasimama kwenye foleni kama mteja, na zamu yake ilipofika Bahiya akamwangalia, akashusha ubao wa dirisha. Bi Hamdiya alifariki mwaka huo huo mwezi wa Novemba. Hatukuambiwa.

Marehemu alianza kuumwa kifua mwezi Machi mwaka huu wa 1984, akatibiwa Temeke akapata nafuu, akarudi kazini, hali ikabadilika tena mwezi Septemba, akalazwa tarehe 28, na madaktari walitueleza kwamba mapafu yalikuwa yameharibika kwa vumbi la mbao la miaka mingi. Tarehe 26 Oktoba, saa kumi jioni, nikiwa nimekaa naye, aliingia Bi Bahiya. Hatujui nani alimwambia. Alikuwa amejitanda buibui, mkononi ana chupa ya uji, akasimama kwenye miguu ya kitanda, akasema, "Shikamoo, Fundi Albano," kama alivyokuwa akisema utotoni, na baba akaitikia.

Kisha akasema, "Nimekuja kukuona. Sikuja kukusamehe."

Baba akasema, "Nimesikia. Keti."

Nikampisha kwenye kiti. Alikaa muda mrefu, akammiminia uji, akamshikia kikombe, na baba alipomaliza, Bi Bahiya akamuuliza, "Ulitaka nini, Fundi? Miaka yote hii najiuliza. Walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu. Nilitaka zahanati. Vile vyumba viwili vya mashariki."

Bi Bahiya akasema polepole, "Vile vyumba tulikuwa tukiweka mikeka ya zamani. Ungetuomba."

Baba akauliza, "Baba yako angetoa?"

"Sijui. Hukuomba. Na sasa mimi na wewe hatutajua kamwe."

Baba alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali, na Bi Bahiya hakumfuta na hakuondoka. Alirudi tarehe 28, akarudi tarehe 30, akarudi tarehe 2 Novemba, kila mara na chupa ya uji, na katika siku hizo walizungumza habari za nyumba, chumba gani kilivuja, mlango gani ulikuwa unakwama wakati wa upepo wa kusi, kama watu wawili wanaomzungumza marehemu wanayemjua wao tu. Mzee Albano Kasimiri Nandonde alifariki dunia tarehe 3 Novemba 1984, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, mwezi mmoja na siku ishirini, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi wa hospitali ya Temeke, ambao walimhudumia kwa upole mpaka pumzi ya mwisho, inawashukuru majirani wa Kiwalani, Waislamu kwa Wakristo, kwa turubai, maji, kuni na siku tatu za kukesha nasi, inawashukuru mafundi wenzake wa Keko, waliofunga vibanda vyao tangu juzi na kumtengenezea jeneza la mninga, wakaliunga bila msumari kwa kuwa walijua angeliangalia, na inamshukuru Mzee Marijani, aliyevuka kutoka Mwambani na fimbo yake, peke yake, kuja kumzika balozi wake.

Tunamshukuru na Bi Bahiya binti Abdulsamad, ambaye ameketi pale na akina mama. Nilipokwenda Buguruni kumpa taarifa alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza saa ya mazishi, kisha akaniomba neno moja, kwamba nitakaposoma nisiseme walipatana. Nilimwahidi. Hawakupatana. Alifunga duka, akaja.

Baba, tumeyasoma yote uliyotaja. Ulale sasa, upumzike kwa amani.